Tuipime Sauti Kabla ya Kuuza Mavuno

Mada kwa waamini na viongozi wa walei, Nachingwea na Ruangwa





Tumepewa mada ya upambanuzi wa roho. Wengi wetu tukilisikia neno hili huwafikiria watawa walio katika mafungo, au watu wanaoanguka na kupiga kelele wakati wa maombezi. Mambo hayo yana nafasi yake. Lakini Mtume Yohane, anapowaonya Wakristo katika Waraka wake wa Kwanza, sura ya 4, kwamba wasiiamini kila roho bali wazijaribu kama zimetoka kwa Mungu, hawaandikii watawa. Anawaandikia watu wenye nyumba, watoto na majirani. Naye Mtume Paulo anawataka Wathesalonike wote wayapime mambo yote na kulishika lililo jema. Kupambanua, basi, ni kazi ya kila mbatizwa, na mahali pake ni pale maamuzi yanapofanyika: shambani, sokoni, ghalani, kwenye simu, na jikoni wakati sufuria haina kitu.

Hayati Papa Fransisko alilitambua jambo hili. Kuanzia Agosti 2022 hadi Januari 2023 alitoa mfululizo wa katekesi za Jumatano juu ya upambanuzi, akiwafundisha waamini wote, wala si mapadre peke yao.

Kwa hiyo tusianzie mbali. Tuanzie kwenye korosho.

1. SAUTI INAYOKUJA WAKATI WA NJAA

Sote tunaijua kangomba. Ni miezi ya kifuku, chakula cha nyumbani kimekwisha, shule imefunguliwa na sare zinahitajika, mtoto ana homa, au umetokea msiba. Jioni anafika mtu kwa upole. Hatukani wala hatishi. Anasema, “Ndugu, ninaijua shida yako. Pokea fedha hizi leo, msimu ukifika utanipa korosho.” Bei anaipanga yeye. Kipimo anakichagua yeye, nacho si mizani. Maandishi, kama yapo, anayatunza yeye. Oktoba ikifika, mwenye shamba anaamka alfajiri na watoto wake kuokota korosho ambazo si zake tena.

Oktoba 2024, katika minada ya kwanza ya msimu, bei ya korosho ghafi ilipita shilingi 4,000 kwa kilo. Kwa aliyekwisha kupokea fedha za kangomba wakati wa njaa, bei ile ilikuwa habari ya redioni tu.

Serikali imeikataza biashara hii. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulianza kutumika katika korosho msimu wa 2007/2008, ili mkulima apeleke mazao katika chama chake cha msingi, yapimwe kwa mizani, yauzwe kwa mnada wa wazi. Kwetu huku mazao hayo hupitia RUNALI, chama kikuu cha ushirika kinachowaunganisha wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Mfumo huo una kasoro zake, nasi tunazijua: makato yasiyoelezwa vizuri, malipo yanayochelewa, viongozi wa chama wasiosoma hesabu mbele ya wanachama. Hata hivyo kangomba haikufa. Haikufa kwa sababu inafika siku ambayo hakuna mwingine anayefika. Sheria hutangazwa mkutanoni mchana. Kangomba hubisha hodi jioni, mtoto akiwa analia.

Hapa ndipo upambanuzi unapohitajika. Shetani hapotezi muda wake kwa mtu aliyeshiba na kupumzika. Yesu mwenyewe alijaribiwa baada ya kufunga siku arobaini, na jaribu la kwanza lilihusu mkate.

2. ESAU NA CHAKULA CHA DENGU

Tusome Kitabu cha Mwanzo, sura ya 25. Esau anarudi kutoka porini amechoka, ana njaa. Yakobo ndugu yake amepika dengu. Esau anaomba chakula. Ndugu angempa, kisha wangezungumza. Yakobo anafanya kinyume: kwanza anadai haki ya mzaliwa wa kwanza, tena kwa kiapo. Esau anajiambia kwamba yu karibu kufa, basi haki hiyo itamfaa nini? Anakula, anakunywa, anaondoka.

Tuyaangalie mambo matatu. Kwanza, njaa ya Esau ilikuwa ya kweli. Maandiko hayasemi alijifanya. Pili, njaa ilimdanganya juu ya wakati: ilimwonyesha kwamba hakuna kesho, kumbe kesho ilikuwepo. Tatu, mtu aliyemnunua hakuwa mgeni. Alikuwa ndugu yake wa tumbo moja, akitumia jiko la mama yao.

Mara nyingi tumehubiri juu ya upumbavu wa Esau. Juu ya kosa la Yakobo tumehubiri mara chache. Tume ya Haki na Amani haiwezi kumwona mmoja na kumwacha mwingine. Aliyeuza hakupambanua; aliyenunua alipambanua vizuri mno udhaifu wa ndugu yake, akaufanya biashara.

3. FUNDISHO LA MTAKATIFU INYASI

Mwaka 1521 askari mmoja Mhispania alivunjwa mguu kwa mzinga wa bunduki kubwa katika vita vya Pamplona. Akalazwa nyumbani kwao Loyola miezi mingi. Aliomba vitabu vya hadithi za mashujaa wa vita, havikuwepo; akaletewa kitabu cha maisha ya Kristu na kingine cha maisha ya Watakatifu. Akawa anasoma, mara anawaza sifa za vitani, mara anawaza kuwafuata Watakatifu. Mawazo yote mawili yalimfurahisha. Baadaye akagundua tofauti: yale ya kwanza yakishapita yalimwacha mkavu na mwenye huzuni, ya pili yalimwacha na furaha iliyodumu.

Huyo ndiye Mtakatifu Inyasi wa Loyola, na hapo ndipo ulipoanza upambanuzi wake. Alichojifunza ni hiki: sauti haipimwi kwa utamu wake inapoingia, bali kwa kile inachokiacha ikishatoka. Bwana wetu alifundisha hivyohivyo aliposema kwamba manabii wa uongo watatambulikana kwa matunda yao (Mt 7). Mti wa bibo nao haujulikani kwa maua yake ya Julai.

Kwa fundisho hilo, tunapendekeza vipimo vitatu ambavyo kila familia na kila Jumuiya inaweza kuvitumia bila kusubiri padre afike kigangoni.

4. VIPIMO VITATU

Kipimo cha kwanza: Je, sauti hii inavumilia nuru?

Inyasi aliandika kwamba adui wa roho hufanana na mtongozaji mwovu: hofu yake kubwa ni kwamba binti atamwambia baba yake, au mke atamwambia mumewe. Siri ikifichuliwa, kazi yake imekwisha. Basi tujiulize: jambo hili ninaloambiwa, ninaweza kulisema mbele ya mwenzangu wa ndoa? Mbele ya Jumuiya? Mtu anayetuambia “tumalizane mimi na wewe tu” amekwisha kutuonyesha upande anaotoka.

Siku hizi sauti ya namna hii haihitaji hata kubisha hodi, imo mfukoni. Mikopo ya simu hutolewa kwa dakika chache, usiku, bila mashahidi, na wengine hudai kwa kuwatumia ujumbe wa aibu ndugu na jamaa wa mkopaji. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya watoaji 69 wa mikopo ya kidijitali wasio na leseni. Tuone mpangilio wake: mkopo hutolewa sirini, aibu hutolewa hadharani. Roho wa Mungu hufanya kinyume. Yeye humwonya mtu kwa siri na kumwinua mbele ya watu.

Kipimo cha pili: Je, sauti hii inavumilia kungoja?

Nchi yetu ya Nachingwea ina ushahidi mkubwa juu ya sauti ya haraka. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilipungukiwa mafuta ya kula. Mwaka 1946 walitumwa wataalamu, wakaizunguka Tanganyika kwa wiki chache, sehemu kubwa kwa ndege, wakarudi na ripoti yenye matumaini. Mwaka 1947 mradi wa karanga ukaanza, na sehemu zilizochaguliwa zilikuwa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mashine zilifika kabla ardhi haijafahamika vizuri. Huko Kongwa udongo ulikauka ukawa mgumu kama saruji, na mvua haikutosha. Januari 1951 mradi ukaachwa, na hasara ikafikia kama paundi milioni 36. Bandari ya Mtwara imebaki kama tunda jema la mpango ule. Reli iliyoletwa hadi Nachingwea ilikuja kung’olewa, na wazee wanaweza kuonyesha ilikopita.

Waliofanya hivyo walikuwa watu wenye elimu, na shida yao ya mafuta ilikuwa ya kweli, kama njaa ya Esau ilivyokuwa ya kweli. Walichokosa ni kungoja msimu mmoja au miwili na kuwauliza wenyeji. Ikiwa haraka iliweza kuiangusha serikali yenye mashine na wataalamu, itashindwaje kumwangusha mama mmoja mwenye ekari mbili za mikorosho? Tujiwekee sharti: jambo lolote kubwa, la kuuza, kukopa, kuoa, kuhama au kumshitaki jirani, tusiliamue siku tuliyoambiwa. Tulilale, tulisali, tulizungumze. Jambo la Mungu asubuhi litakuwepo bado.

Kipimo cha tatu: Nani atalipa?

Kipimo hiki ndicho kinachosahaulika zaidi, kwa maana tunaweza kujisikia na amani moyoni huku mwenzetu akiumia. Miaka kadhaa iliyopita ulienea nchini mpango ulioitwa DECI. Watu walialikwa “kupanda mbegu” ya fedha ili “wavune” zaidi baada ya muda mfupi. Waliouendesha walikuwa wachungaji, na lugha yake ilikuwa ya Injili. Wa kwanza walivuna kweli, wakatoa ushuhuda, wengine wakauza walivyokuwa navyo wakapanda. Mwaka 2009 Serikali iliusimamisha. Fedha alizovuna wa kwanza hazikuota ardhini. Zilikuwa fedha za waliokuja nyuma yake. Laiti watu wangeuliza swali moja tu, “Nani atalipa?”, wasingehitaji mtaalamu wa mahesabu.

Tusishangae kwamba sauti mbaya ilitumia maneno matakatifu. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 4, Ibilisi anamnukulia Bwana wetu Zaburi. Kutajwa kwa jina la Mungu hakutoshi kuwa alama kwamba Mungu ndiye anayesema.

Swali hilohilo tuliulize juu ya kangomba. Anayelipa kwanza ni mtoto ambaye mwakani hatakuwa na madaftari. Lakini hata asiyehusika hulipa. Novemba 2018 Serikali ilipoamua kuzinunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, ilibidi ufanyike uhakiki ili kumtenga mwenye korosho asiye na shamba. Malipo yakachelewa, na waliongoja walikuwemo wakulima halali ambao hawakuwahi kumwuzia mtu wa kangomba hata kilo moja.

5. VIPIMO HIVI SI VYA KOROSHO PEKE YAKE

Ujumbe unapoingia katika simu ukiwasema vibaya ndugu zetu Waislamu, au ukilisema vibaya kabila fulani, na chini yake umeandikwa kwamba tuusambaze upesi, tuutie mizanini. Je, tungeusoma mbele ya jirani yetu Mwislamu ambaye jana tulizika naye? Je, utakuwa kweli hata kesho kutwa? Nani atalipa ukiwa uongo? Sisi wa Lindi tumeishi pamoja katika ukoo mmoja, Mkristo na Mwislamu, tukila pamoja Krismasi na Idi. Roho inayotaka kutupasua haikuzaliwa hapa.

Mganga anapomtaja bibi kizee jirani kuwa ndiye chanzo cha ugonjwa, tuulize vivyo hivyo. Mgombea anapogawa khanga na fedha usiku kabla ya kura, tuulize. Kijana anapoambiwa kwamba mkeka mmoja wa kubeti utamtoa katika umaskini, tukae naye tuulize pamoja naye, bila kumkaripia.

6. NENO KWA YAKOBO

Ndugu wapendwa, haifai kusema juu ya wanunuzi wa kangomba kana kwamba wanatoka nchi ya mbali. Wengine wamo katika viti vyetu vya kanisa. Wengine hutoa mchango mkubwa siku ya mavuno. Nabii Amosi, sura ya 8, anawaelezea watu wanaongoja kwa shida Sabato ipite ili wakapunguze kipimo, waongeze bei, na wamnunue maskini kwa fedha kidogo. Naye anasema Bwana hatayasahau matendo yao. Sadaka iliyotoka katika kipimo cha namna hiyo haimheshimu Mungu, na sisi viongozi tusiipokee kwa makofi.

Lakini Yakobo hakuachwa bila njia. Miaka mingi baadaye, katika sura ya 32 na ya 33 za Mwanzo, anarudi kumkabili Esau. Anaogopa. Anamtangulizia ndugu yake mifugo kuwa zawadi, anashindana usiku kucha na asiyemjua, anatoka akichechemea, kisha anamwinamia ndugu yake mara saba. Esau anamkimbilia na kumkumbatia. Njia hiyo ipo hata leo: kurudisha kilichozidi, kuufuta mkataba wa dhuluma, kumwambia ndugu yako, “Nilikupa fedha, nirudishie fedha zilezile, korosho zako peleka chamani.” Kitubio bila malipizi ya haki kinabaki nusu.

7. GHALA LA JUMUIYA

Sasa tuseme jambo ambalo bila hilo mada hii yote ni maneno tu. Haitoshi kumwambia mwenye njaa apime roho. Tukimwacha peke yake na sauti moja tu, ataisikiliza hiyo hiyo. Wajibu wetu ni kuhakikisha kwamba miezi ya kifuku inapofika, kuna sauti ya pili mlangoni pake, nayo iwe imebeba unga.

Yosefu kule Misri alipambanua ndoto ya Farao, na upambanuzi wake uliishia kwenye maghala: miaka ya shibe ilitunza chakula cha miaka ya njaa (Mwa 41). Lakini tuendelee kusoma hadi sura ya 47. Ghala lilikuwa la Farao, na wenye njaa wakanunua chakula kwa fedha zao, kisha kwa mifugo yao, kisha kwa mashamba yao, mwisho kwa nafsi zao. Ghala likiwa la mkubwa mmoja, njaa humtajirisha mwenye ghala. Kwa hiyo ghala letu liwe la Jumuiya.

Mwaka 1976 Maaskofu wa AMECEA walizisisitiza Jumuiya Ndogo Ndogo kuwa njia ya kujenga Kanisa katika nchi zetu. Jumuiya isiyojua nani amelala na njaa bado ni kikundi cha rozari tu. Tunapendekeza mambo matatu. Fedha za korosho zinapoingia, kila kaya iweke debe la mahindi au mtama na kiasi kidogo cha fedha katika mfuko wa Jumuiya, chini ya watunzaji watatu, mmoja wao mama, na hesabu isomwe kila mwezi mbele ya wote. Mwezi Januari mfuko ufunguliwe kwa mkopo usio na riba kwa mwenye dharura, kabla hajamfuata mwingine. Na waamini walio wanachama wa vyama vya msingi wahudhurie mikutano, waulize makato, wadai mizani ionekane. Kunyamaza mkutanoni na kulalamika kilabuni hakumsaidii mtu.

8. DESTURI YA JIONI

Tumalizie na desturi ndogo ambayo Inyasi alitaka isiachwe hata siku ambayo sala nyingine zimeshindikana. Jioni, taa ikiwa bado inawaka, familia ikae dakika kumi. Tumshukuru Mungu kwa jambo moja la siku hiyo. Tuombe mwanga wa Roho Mtakatifu. Tukumbuke sauti zilizosema nasi tangu asubuhi: ya redio, ya simu, ya jirani, ya hofu yetu wenyewe. Tuulize ipi imetuacha na amani na ukarimu, na ipi imetuacha na woga na siri. Tutubu, tuamue jambo moja la kesho. Mama na baba wakizoea kuulizana hivyo kila jioni, siku atakayobisha hodi mtu wa kangomba hatamkuta mmoja wao peke yake.

Roho Mtakatifu, aliye mwanga wa mioyo, atujalie kuitambua sauti ya Mchungaji Mwema kati ya sauti nyingi. Amina.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika Jumuiya yetu, ni sauti gani hutufikia mara nyingi miezi ya kifuku? Hutumia maneno gani?

2. Kati ya vipimo vitatu, kipi tunakisahau zaidi, na kwa nini?

3. Tutaanza lini mfuko wa Jumuiya, na nani watautunza?

4. Je, yupo kati yetu aliyekwisha kuuza msimu ujao? Tutamsaidiaje kuukomboa, bila kumwaibisha?